Muvi za Kanumba: Jinsi ya Kuchagua Diski Fiti Bila Kuuziwa Feki

Ka umekulia Ukunda, Msambweni ama Lunga Lunga, rada unaijua: Kanumba aliingia kejani kwa diski. Kabla data ishuke bei, muvi za Bongo zilikuwa zinavuka mpaka pale Horohoro na wasee wa mabasi ya Tanga, kisha zinatandazwa kando ya barabara na mahamri.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akajulikana kwa maigizo ya kundi la Kaole, na akafariki Dar tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu. Love and Power ilitoka akiwa tayari ameenda. Hakuna mpya inakuja, kwa hivyo diski zilizobaki ndizo hizo, na mob ni feki. Najua juu mimi mwenyewe nilizichoma.

Nilipoacha koleji nilikaa kwa kibanda fulani cha muvi Ukunda, kazi yangu kuchoma diski kutoka asubuhi mpaka Isha. Muvi kumi ndani ya DVD moja, soo moja, next. Siku moja mama mmoja wa Msambweni akanunua Oprah. Wiki ikiisha huyu hapa amerudi na diski kwa mkoba. "Mwanangu, hii mbona haina mwisho?" Nilikuwa nimemchomea Part 1 mara mbili. Nikamwambia, "Nisamehe mama, rudi Ijumaa." Kabla Ijumaa ifike kibanda kilikuwa kimefungwa na mimi sikuwa na namba yake.

Sasa tuanze na hiyo stori ya Part 1 na Part 2, juu ndiyo inachoma wengi. Muvi nyingi za wakati huo zilitoka kwa VCD. VCD inabeba dakika 74 hadi 80 hivi, basi. Muvi ikizidi hapo lazima ikatwe, na wauzaji wakaona heri kila kipande kiuzwe kivyake. Ukikuta sehemu moja peke yake kwa meza, usinunue ukidhani nyingine utaipata kesho. Uliza zote mbili hapo hapo, ama uache.

DVD ya kawaida nayo ina GB 4.7. Hiyo ni nafasi ya kama saa mbili za picha safi. Sasa piga hesabu: muvi kumi za saa moja na nusu ni saa 15. Zitaingia, lakini zimekamuliwa hadi uso wa Kanumba unakuwa vipande vipande, na maandishi ya Kiingereza pale chini huwezi kuyasoma. (Yale maandishi ni burudani yenyewe, tafsiri zingine ni vituko.) Kwa hivyo kanuni yangu ni moja: kava moja, muvi moja. Combo nunua ya kupitisha usiku tu, usiweke kwa kabati ukisema una maktaba.

Kucheki orijino, geuza diski. Ya kiwandani huwa na rangi ya fedha chini. Iliyochomwa kwa kompyuta mara nyingi inaonyesha zambarau ama bluu. Lakini usilale hapo, kuna feki za kiwandani pia, haswa hizo combo, na ziko silver kabisa. Angalia kava: picha imetulia ama imefifia ka fotokopi? Majina ya waigizaji yameandikwa sawa? Kuna jina la msambazaji? Muvi zake mob zilisambazwa na Steps Entertainment ya Dar, na nembo yao iko wazi.

Halafu stika. Hapa wajuaji wengi wanakosea. Tanzania ilianza kuweka stempu za kodi za TRA kwa kazi za filamu na muziki mwaka wa 2013. Kanumba alikuwa ameshazikwa. So diski ya 2009 isiyo na stempu siyo lazima iwe feki. Ikiwa nayo, basi jua hiyo ni nakala iliyoingia sokoni baadaye.

Na usilipe kabla ya kujaribu. Mwambie muuzaji aweke, halafu aruke mpaka dakika kumi za mwisho. Diski inasomwa kutoka katikati ikielekea nje, kwa hivyo mwisho wa muvi unakaa huko pembeni ambako vidole na mikwaruzo hupitia. Muuzaji atakuchezea mwanzo kila saa, juu anajua mwanzo hauna noma.

Utaanza na gani? Mimi naanza na Oprah ya 2008, yeye na Ray na Irene Uwoya, lakini hakikisha iko kamili. Ka kuna watoto kwa nyumba, tafuta Uncle JJ na This Is It. Devil Kingdom, ile ako na Ramsey Nouah, ndiyo inafaidika zaidi na nakala safi, juu ina giza mob na ukichukua combo hutaona kitu. Dar to Lagos, na Mercy Johnson, chukua hata ka kava imechanika. Hizo za kwenda Nigeria ni ngumu kuziona mezani.

Ukishapata, kumbuka sisi tunaishi na chumvi hewani. Diski za kuchoma zinaharibiwa na jua na joto haraka kuliko za kiwandani, kwa hivyo toa hapo juu ya TV karibu na dirisha. Ikichafuka, tumia maji na kitambaa laini, ukipangusa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kisha tafuta msee mwenye laptopu ya zamani yenye mahali pa DVD akuhamishie kwa flashi. Za YouTube usizitegemee, zingine zimekatwa pembeni, zingine sauti imeharakishwa ndiyo zisishikwe.

Oprah Part 2 nilikuja kuipata, orijino, chini ya rundo la miwani ya jua Ukunda. Iko hapa kejani na inacheza hadi mwisho. Ka mamako ni wa Msambweni na aliwahi kuambiwa arudi Ijumaa, mwambie niko nayo.