Mkate Haukuletwa na Mzungu

Wasee, kuna stori moja tumeimeza bila kutafuna: ati mkate uliletwa Kenya na mzungu, pamoja na reli. Mimi naikataa, na ushahidi wangu wa kwanza uko mdomoni mwako.

Mkikuyu anaita mkate mũgate. Mjaluo anasema makati. Vuka mpaka uende Kampala, utauziwa omugaati. Zote zimetoka kwa neno moja la Kiswahili. Blanketi lilikuja na jina lake la Kizungu, shule ikaja na lake la Kijerumani. Mbona mkate haukuja na lake? Kwa sababu ulipopanda bara tayari ulikuwa na jina la Pwani. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, analo neno hilo kwenye kamusi yake iliyochapishwa 1882. Reli ilianza kujengwa 1896. Piga hesabu.

Sasa cheki mkate wenyewe. Ngano haipendi joto la Pwani, kwa hivyo akina mama wa huko walitumia mchele na nazi. Hapo ndipo unapata mkate wa sinia, wengine huuita mkate wa kumimina. Vikombe viwili vya mchele vinalowekwa usiku kucha, vinasagwa na kama kikombe kimoja na robo cha tui zito, sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, na iliki. Unaacha uumuke mpaka utoe povu. Oveni si lazima: sufuria inakaa juu ya makaa, na makaa mengine yanapaliwa juu ya mfuniko. Moto chini, moto juu. Hiyo ni oveni bila bili ya stima.

Kila kiungo hapo kina safari yake. Hamira ni neno la Kiarabu, na mahamri yako ya asubuhi yamebeba mzizi huohuo wa kuchachuka. Iliki asili yake ni milima ya kusini magharibi mwa India, ikavuka bahari na majahazi ya upepo wa kaskazi. Ibn Battuta alipopita Mombasa 1331 aliandika kwamba kisiwa hakikuwa na nafaka yake, ililetwa kutoka kwingine. Yaani watu wa hapa walikuwa wananunua na kuuza chakula zaidi ya miaka 500 kabla ya reli.

Najua kuna mtu atasema, "Basi ni chakula cha Waarabu na Wahindi." Zi. Nyanya zilitoka Amerika, lakini sijawahi kusikia mtu akimwambia Mwitaliano pitsa si yake. Chakula ni cha wale waliokaa nacho jikoni vizazi na vizazi.

Tumpe mzungu haki yake: kilimo kikubwa cha ngano na viwanda vya unga ni stori yake. Delamere alianzisha Unga Limited 1908. Mkate wa pakiti, ule wa slesi, umetoka upande huo. Shida ni kwamba siku hizi huo peke yake ndio tunaita mkate, na mingine yote tunaita "vitafunio vya Pwani". Juni 2024 serikali ilipotaka kuuwekea VAT ya 16%, tulipiga kelele hadi ikarudi nyuma. Poa sana. Lakini mkate wa sinia hauna wa kuupigia kelele. Unaishi kwa mikono ya watu wachache wanaopima kwa macho, na wakienda, kipimo kinaenda nao.

Kwa hivyo kama una bibi, shangazi ama jirani anayejua, usingoje Ramadhani. Mwombe akufundishe, shika daftari, andika. Wasiojua historia yao huuziwa ikiwa imefungwa kwa pakiti.