Ndugu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa Mahututi

Makala hii inahusu kuwapo kwa jamaa wa mgonjwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, ambacho wengi hukiita ICU tu, katika saa na siku zinazofuata upasuaji mkubwa: wa moyo, wa ubongo, wa tumbo, au wa majeraha mazito ya ajali. Jamaa ni nani, hilo huamuliwa na mgonjwa, wala si cheti cha ndoa wala ukoo. Miongozo ya chama cha Marekani cha tiba ya wagonjwa mahututi ya mwaka 2017 inasema hivyo waziwazi, na kwa watu wa kwetu, ambao shemeji au jirani wa miaka 20 huweza kuwa karibu kuliko ndugu wa tumbo moja, ufafanuzi huo hauna ugeni wowote.

Muuguzaji na mgeni

Kiswahili kilikuwa na neno la kazi ya jamaa huyu kabla ya hospitali kuwapo. Kuugua ni kuumwa. Kumuuguza mtu ni kukaa naye katika ugonjwa wake, kumwosha, kumgeuza, kumnywesha uji, kukesha naye. Hospitali zilipokuja, neno likahamia kwa mtaalamu mwenye sare, muuguzi, na ndugu aliyekuwa akiuguza akapewa jina jingine: mgeni, mtu wa saa za kutazama wagonjwa. Katika wodi za kawaida mabadiliko hayo yalibaki ya jina tu, maana anayefua shuka na kukimbia dirisha la dawa bado ni ndugu. Ni kwenye chumba cha mahututi ndipo mlango ulipofungwa kwelikweli.

Anayefungiwa nje hakuja kwa matembezi. Kwa Mwislamu, kumzuru mgonjwa ni miongoni mwa haki za Mwislamu mwenzake. Kwa Mkristo, ni katika matendo yatakayoulizwa siku ya hukumu. Juu ya dini kuna desturi: asiyefika hospitali husemwa, na husemwa kwa miaka. Ndiyo maana mgonjwa mmoja huweza kujaza benchi zima la nje.

Mlango ulivyofungwa

Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha 1859, alitenga sura nzima kuwakemea wageni wanaomjia mgonjwa na matumaini ya uongo na ushauri usioombwa. Hakuwa na chuki na ndugu. Alichukia maneno matupu. Yeye huyo aliandika baadaye kuhusu hospitali ndogo zenye chumba cha pembeni, karibu na chumba cha upasuaji, ambamo mgonjwa hukaa mpaka apate nafuu. Mwaka 1923, daktari wa upasuaji wa ubongo Walter Dandy alianzisha chumba cha vitanda 3 kwa waliopasuliwa ubongo katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore.

Lakini chumba cha mahututi cha leo kilizaliwa Copenhagen. Mwaka 1952 mlipuko wa polio ulijaza hospitali ya Blegdam wagonjwa walioshindwa kupumua, na mashine hazikutosha. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakaitwa kwa zamu, kila mmoja akikaa kando ya kitanda kimoja na kubonyeza mfuko wa mpira, saa baada ya saa, kwa wiki nyingi. Desemba 1953 Ibsen alifungua kitengo cha kudumu katika hospitali nyingine ya mji huohuo. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya kupumulia ya chumba hiki ilikuwa mtu aliyeketi. Mashine za chuma zilipochukua nafasi yake, kiti kiliondoka pamoja naye.

Vitengo vilivyofuata, Ulaya na Marekani, viliweka saa finyu za kuingia, mara nyingine dakika chache tu kwa mtu mmoja. Sababu zilizotajwa ni 3: wageni huleta vijidudu, humchosha mgonjwa, huzuia kazi. Zote zina mantiki, ila kwa miaka mingi hazikupimwa sana. Kwa watoto mlango ulianza kufunguka mapema zaidi: Uingereza, ripoti ya kamati ya Platt ya 1959 ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila kubanwa na saa.

Wanachotaka walio nje

Mwaka 1979 muuguzi Mmarekani Nancy Molter alichapisha matokeo ya kuwauliza ndugu 40 wa wagonjwa mahututi wapange mahitaji 45 kwa uzito. La kwanza lilikuwa kuhisi kwamba tumaini lipo. Yaliyokuwa juu pia ni kujibiwa maswali kwa ukweli, kujua hali inaelekea wapi, kupigiwa simu nyumbani ikibadilika, na kuamini kwamba wahudumu wanamjali mgonjwa. Starehe yao wenyewe waliiweka chini. Atakayepita leo kwenye korido ya hospitali yoyote ya rufaa saa kumi na moja alfajiri ataiona orodha hiyohiyo, imejifunika khanga, imekumbatia chupa ya chai.

Saa ya kwanza

Ndugu asiyeandaliwa hushtuka. Mgonjwa aliyeagana naye jana akitembea kwa miguu yake, leo uso umevimba kwa maji mengi aliyopewa, ngozi imepauka na ni ya baridi, na mdomoni mna mpira uliofungwa kwa utepe. Mpira huo hupita katikati ya nyuzi za sauti, ndiyo sababu hawezi kusema hata akiwa macho. Kama ni upasuaji wa moyo, mfupa wa kifua umepasuliwa kwa msumeno na kufungwa kwa waya za chuma. Chini yake hutoka mipira minene inayoshusha damu kwenye chombo, na nyaya nyembamba za kuuchochea moyo endapo mapigo yatazubaa. Shingoni kuna mrija wa dawa, kwenye kifundo cha mkono mwingine wa kupimia presha, na kuna mpira wa mkojo. Mikono huenda imefungwa kwa kitambaa laini ili asijing'oe mpira akizinduka nusunusu kutoka kwenye nusukaputi. Mashine zinalia, nyingi ya kelele hizo si hatari, ni kipimo kimelegea au dripu inaisha.

Muuguzi mzuri huyasema hayo mlangoni, kabla ya pazia kufunguliwa. Kisha humwonyesha ndugu mahali pa kushika: mkono usio na mirija, paji la uso. Humwambia aseme jina lake na amwite mgonjwa kwa jina analoitwa nyumbani, kwa kuwa wengine husikia kabla hawajaweza kufumbua macho.

Yapo mambo 2 ambayo upendo huyafanya vibaya. La kwanza ni uji. Koo lililokaa na mpira huweza kusahau kumeza kwa muda, na kijiko kimoja kilichopenyezwa kwa huruma huingia kwenye njia ya hewa, mgonjwa akapaliwa, na siku 2 baadaye akawa na nimonia. La pili ni kitufe cha pampu ya dawa ya maumivu, pale pampu hiyo ilipo. Kitufe ni cha mgonjwa peke yake. Aliyelala usingizi wa dawa hawezi kukibonyeza, na huko kushindwa ndiko kinga yake. Ndugu akimbonyezea, pumzi huweza kufifia.

Ulichoonyesha utafiti

Jaribio lililowashangaza wengi lilifanyika Florence, Italia, na kuchapishwa 2006. Kitengo cha maradhi ya moyo kilibadilisha utaratibu kila miezi 2 kwa miaka 2: kipindi kimoja mgeni mmoja kwa nusu saa mara 2 kwa siku, kingine mlango wazi. Katika wagonjwa 226, vipindi vya mlango wazi viliacha vijidudu vingi zaidi chumbani, kama ilivyohofiwa, lakini maambukizi kwa wagonjwa hayakuongezeka, na matatizo ya moyo yalikuwa machache. Hofu ya kizazi kizima ilikuwa kweli nusu tu.

Brazil ilifanya kubwa zaidi, iliyochapishwa 2019: vitengo 36 na wagonjwa 1,685. Kundi moja liliruhusu ndugu hadi saa 12 kwa siku, baada ya kuwapa darasa fupi. Jingine liliacha saa moja na nusu hivi. Kuchanganyikiwa kwa wagonjwa kulikuwa asilimia 18.9 dhidi ya 20.1, tofauti isiyothibitisha kitu. Maambukizi hayakupanda, wala wahudumu hawakuchoka zaidi. Waliofaidika wazi ni ndugu: wasiwasi na huzuni yao ilipungua. Wanaohubiri kwamba ndugu ni dawa wangeyatazama tena matokeo hayo. Katika jaribio hilo kubwa, ndugu kuwapo hakukumponya mgonjwa kwa kipimo kilichoonekana. Hakukumdhuru, na kulimsaidia anayebaki na kumbukumbu.

Kumbukumbu hizo nazo huweza kuwa ugonjwa. Mwaka 2012 wataalamu waliupa jina rasmi mkusanyiko wa huzuni, wasiwasi na majinamizi yanayowakaa jamaa miezi kadhaa baada ya mgonjwa kutoka, au kutotoka. Kuhusu kushuhudia moyo ukishtuliwa, utafiti wa Ufaransa wa 2013 kwa jamaa 570, uliofanywa majumbani walikozimikia wagonjwa, uliona walioruhusiwa kutazama walisumbuliwa kidogo kuliko waliotolewa.

Kuweweseka

Usiku wa pili au wa tatu, mzee aliyepasuliwa vizuri huanza kuona siafu darini, hutaka kwenda kufunga ng'ombe, humwita muuguzi kwa jina la marehemu dada yake. Wenyeji wakasema amerogwa, au dawa ya usingizi imempanda kichwani. Ni kuweweseka: ubongo umevurugwa na upasuaji, dawa, maumivu, kukosa usingizi na taa zisizozimwa. Hali hiyo si ya nadra, hasa kwa wazee na baada ya upasuaji wa moyo, na mara nyingi hupita. Ipo pia ya kimya, ambayo mgonjwa hutulia kupita kiasi, na hiyo ndugu huweza kuigundua kabla ya daktari kwa sababu ndiye anayejua mtu wake huzungumza kiasi gani.

Kazi ya ndugu hapa ni ndogondogo. Kumvisha miwani. Kumrudishia kifaa cha masikio. Kumwambia leo ni Jumanne, uko hospitali, umepasuliwa, watoto wameenda shule. Asibishane naye kuhusu siafu.

Afrika Mashariki

Zamani Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa moyo mara nyingi alisafirishwa India, na karibu ukoo wote ulibaki ukingojea simu. Kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mwaka 2015, kulimleta mgonjwa karibu na benchi la ndugu zake, na benchi likaja na mambo yake. Vitanda vya mahututi ni vichache katika ukanda huu, mara nyingi vimepangwa kwenye ukumbi mmoja wenye mapazia tu, hivyo ndugu wa kitanda cha tatu humwona uchi mgonjwa wa kitanda cha nne. Hiyo ni sababu ya kufunga mlango yenye uzito kuliko vijidudu.

Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba waliokufa baada ya upasuaji karibu wote walikufa siku zilizofuata, si mezani, na kwamba kiwango cha vifo kilikuwa takriban mara mbili ya wastani wa dunia. Ni siku ambazo macho ya wauguzi ni machache. Kumgeuza ndugu kuwa muuguzi wa bure si jibu. Kumfundisha dalili chache za kuitia msaada, pengine.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga milango iliyokuwa imefunguka duniani kote, na watu wakaagana kwa simu iliyoshikwa na muuguzi mwenye glavu. Vitengo vingi vilichukua muda kurudisha saa zilizokuwapo kabla.

Palipo na mlango mwembamba, familia nyingi huteua msemaji mmoja. Si lazima awe mkubwa. Mara nyingi ni binti anayejua kuuliza bila kugombana. Huyo ndiye anayenawa mikono, anavaa gauni, anaingia, kisha anatoka na kusimulia mara moja tu, polepole, kwa wajomba, kwa mashangazi, na kwa kundi la simu lenye watu 40 wanaosubiri. Daktari akitokeza kichwa mlangoni na kuuliza ndugu wa kitanda namba tano ni nani, benchi zima husimama.