Kioo cha skrini: Jinsi wataalamu walivyokabiliana na sodiamu

Na MWANDISHI WETU

SIMU ya mkononi ikianguka sakafuni, mwenyewe huinama kuiokota kwa hofu kabla ya kuthubutu kuigeuza. Kwa Wakenya wengi, uso wa simu ndio mlango wa M-Pesa, wa masomo na wa biashara. Ukipasuka, gharama ya kuubadilisha humlazimu mtu kuahirisha mahitaji mengine ya nyumbani.

Hata hivyo, ni wachache wanaojiuliza kioo hicho ni cha aina gani na kinatofautianaje na kile cha dirishani.

Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga wenye silika, magadi na chokaa. Silika peke yake huyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 1,700 za sentigredi. Magadi hulipunguza joto hilo na kuokoa kuni za tanuri, kama wasemavyo wahunzi. Ndiyo sababu magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, yana soko katika viwanda vya vioo.

Ndani ya magadi mna sodiamu, na hapo ndipo kitendawili kinapoanzia. Kinachomsaidia mtengenezaji wa kioo cha dirisha ndicho kinachomharibia kazi mtengenezaji wa skrini. Historia ya kuboresha kioo cha skrini, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kukabiliana na sodiamu: kwingine huondolewa kabisa, kwingine hubadilishwa baadaye.

Kioo cha ndani

Skrini bapa ya runinga, tarakilishi au simu huwa na kioo ambacho mtumiaji hakigusi kamwe. Juu ya kioo hicho cha ndani hupangwa transista ndogo mno, kila moja ikiongoza doa moja la rangi. Runinga yenye madoa 1,920 kwa 1,080 ya picha, kila doa likiwa na rangi tatu, huhitaji zaidi ya transista milioni sita.

Sodiamu haitulii. Kioo kinapopashwa joto kiwandani, chembe zake husafiri hadi kwenye transista na kuziharibu. Kwa hivyo wataalamu waliachana na magadi, wakaungamanisha silika na alumini, boroni na madini ya jamii ya kalsiamu.

Uamuzi huo ulileta taabu nyingine. Kioo kisicho na magadi huhitaji joto kali zaidi, na kikiyeyuka huwa kizito kiasi kwamba viputo vya hewa hukwama ndani yake. Kiputo kimoja tu chatosha kuharibu picha. Kwa miaka mingi viwanda vilitumia aseniki kuviondoa viputo hivyo, ingawa aseniki ni sumu. Mwaka 2006, kampuni ya Corning ya Marekani ilizindua kioo cha Eagle XG, kisicho na aseniki, antimoni wala bariamu.

Hatua hiyo ilikuwa na uzito kwa mazingira. Runinga za zamani zenye mgongo zilikuwa na risasi ndani ya kioo chao ili kuzuia miale ya eksirei, na hadi leo mabaki yake ni taka hatari.

Tatizo jingine ni kunywea. Kioo kikipashwa joto kisha kikapoa, hupungua kidogo. Karatasi yenye upana wa mita moja ikinywea kwa sehemu 10 tu katika milioni, huwa imepungua kwa maikromita 10. Kipimo hicho ni kidogo kuliko unene wa unywele, lakini chaweza kuziondoa transista mahali zinapopaswa kukaa. Ndiyo maana watafiti huendelea kutafuta mchanganyiko unaonywea kidogo zaidi.

Karatasi isiyoguswa

Mbali na mchanganyiko, namna ya kuikunjua karatasi ya kioo nayo ilibadilika. Mwaka 1959, kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza mbinu ya kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka. Mbinu hiyo inafaa sana madirisha, lakini upande uliogusana na bati hubakiwa na chembe zake na hulazimu kusuguliwa kabla ya kutumika katika skrini.

Corning ilikuwa na njia nyingine. Kioo humiminwa katika hori refu, kikafurika pande zote mbili na kuteremka kando zake, kisha mikondo hiyo miwili hukutana chini ya hori na kuungana kuwa karatasi moja. Nyuso za nje huwa hazikugusa chochote ila hewa, na hivyo huwa laini bila kusuguliwa. Leo viwanda vikubwa hutumia karatasi za kioo zenye upana wa mita 2.94 na urefu wa mita 3.37, ilhali unene wake ni kama nusu milimita.

Kioo cha nje

Kioo kinachoguswa na kidole kina kazi tofauti: kustahimili mikwaruzo na kuanguka. Mwaka 1921, mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba kioo huvunjika kwa urahisi kwa sababu uso wake una nyufa ndogo zisizoonekana. Kikivutwa, nyufa hizo hufunguka na kukipasua. Dawa, basi, ni kuubana uso huo ili nyufa zisipate nafasi.

Hapa sodiamu hukaribishwa. Kioo chenye sodiamu hutumbukizwa kwa saa kadhaa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, kwa joto la takriban nyuzi 400. Chembe za sodiamu hutoka, na za potasiamu, zilizo kubwa zaidi, huchukua nafasi zao. Ni kama matatu ambayo abiria wembamba wameshuka, wakapanda wanene wakaketi katika viti vile vile. Msongamano huo ndio nguvu ya kioo.

Corning ilitangaza kioo cha namna hiyo, Chemcor, mwaka 1962, lakini hakikupata soko kubwa. Mradi uliwekwa kando kwa miaka mingi; baadaye Steve Jobs wa Apple alitafuta kioo kigumu cha simu ya iPhone na kumwendea Wendell Weeks, mkuu wa Corning. Kioo kilichotokana na juhudi hizo hujulikana kama Gorilla Glass. Mwaka 2011, kampuni ya Asahi Glass ya Japani ilitoa chake kiitwacho Dragontrail.

Kazi bado ipo

Tabaka hilo lililobanwa lina kina cha sehemu ndogo tu ya milimita. Mkwaruzo ukilipita, kinga hutoweka mahali hapo. Ndiyo sababu simu yaweza kuanguka mara kumi bila kudhurika, kisha ikapasuka kwa pigo dogo juu ya kokoto.

Watafiti wamejaribu kupanda fuwele ndogo mno ndani ya kioo ili kuzuia ufa usienee, mbinu iliyotumiwa katika iPhone 12 mwaka 2020. Mwaka huo huo, Samsung ilitoa simu ya Galaxy Z Flip, yenye kioo chembamba cha takriban maikromita 30 kinachoweza kukunjwa. Lakini juu yake pana tabaka la plastiki, ambalo hukwaruzika kwa urahisi. Kila faida huja na gharama yake.

Kwa mtumiaji, funzo ni moja. Chembe za mchanga wa kwazi ni ngumu kuliko kioo cha simu, na zikiwa mfukoni husugua uso wake kila siku. Mchanga ndio uliozaa kioo, na mchanga huo huo ndio unaokimaliza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; anayetaka simu yake idumu na aanze kwa kukung'uta mfuko.