Hofu Isiyochakaa: Tamthilia za Quatermass katika Runinga ya Uingereza, 1953–1959

Utangulizi

Bunilizi ya kisayansi ni utanzu unaozeeka haraka. Roketi iliyokistaajabisha kizazi kimoja huwa kichekesho kwa kizazi kifuatacho, na dubwana lililowatoa watu jasho huonekana baadaye kuwa mpira na gundi tu. Hata hivyo, ziko kazi za runinga za miaka ya 1950 ambazo zingali zinatisha. Mfano bora ni tamthilia tatu za mfululizo zilizotungwa na Nigel Kneale na kuelekezwa na Rudolph Cartier kwa ajili ya Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC): The Quatermass Experiment (1953), Quatermass II (1955) na Quatermass and the Pit (1958–59). Kila moja ilikuwa na sehemu sita.

Aghalabu mvuto wa kazi za aina hii huelezwa kuwa ni hamu ya watazamaji kurejea utotoni mwao. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa wengi wanaozitazama leo hawakuwa wamezaliwa zilipotangazwa. Makala haya yanadai kwamba mvuto wake unatokana na mahali hofu ilipowekwa: si katika umbo la dubwana, bali katika shaka kuhusu utu wa binadamu mwenyewe.

Uhaba wa Vifaa na Uwezo wa Neno

The Quatermass Experiment ilitangazwa moja kwa moja kutoka Alexandra Palace, London, kati ya tarehe 18 Julai na 22 Agosti 1953. Waigizaji walicheza kama wachezavyo jukwaani. Kosa lililotokea liliifikia hadhira papo hapo. Wanaanga watatu wanarushwa angani, lakini roketi inarudi na mmoja tu, Victor Carroon. Hatua kwa hatua inabainika kwamba wenzake hawakupotea, bali wamo ndani yake, naye anageuka kuwa kiumbe chenye sifa za mmea. Hatimaye kiumbe hicho kinatanda ndani ya kanisa la Westminster Abbey. Uteuzi wa mandhari hayo haukuwa wa bahati nasibu. Tarehe 2 Juni mwaka huo Malkia Elizabeth II alikuwa ametawazwa humo, na mamilioni ya watu walikuwa wameishuhudia sherehe hiyo kwa runinga. Hofu ikawekwa pale pale taifa lilipojitukuza wiki chache kabla.

Vifaa vilikuwa duni. Kneale mwenyewe alivaa glavu zilizopambwa kwa majani na kupenyeza mikono yake katika picha kubwa ya kanisa hilo. Kwa hali hiyo kilele hakingeweza kuwa vita vya silaha. Profesa Quatermass anatumia neno: anawasihi watu watatu waliomezwa wakumbuke kuwa wao ni watu, walikatae dubwana na kufa pamoja nalo. Kampuni ya Hammer ilipoigeuza kazi hii kuwa filamu mwaka 1955, neno liliondolewa na umeme ukachukua nafasi yake. Katika filamu, hofu inakwisha mwili unapoungua. Katika tamthilia, swali linabaki: ni kiasi gani cha mtu hubakia ndani ya kilichommeza?

Ni sehemu mbili za kwanza tu za tamthilia hiyo zilizohifadhiwa. Mpango wa kuinasa kazi nzima kwenye filamu ulisitishwa kwa sababu ya ubora hafifu. Katika sehemu ya pili hata mdudu aliyetua juu ya kioo anaonekana. Kama ilivyo katika fasihi simulizi, utendaji ulikwisha pamoja na wakati wake. Mtu anaweza kudai kwamba upotevu huo ndio unaoikuza sifa ya kazi hii. Lakini Quatermass and the Pit imehifadhiwa nzima, na ndiyo inayotisha zaidi.

Quatermass II ni ushahidi wa upande wa pili. Inapoonyesha maafisa wa serikali waliotekwa akili wakilinda kiwanda cha siri, mandhari yakiwa yamepigwa picha katika mitambo ya mafuta ya Shell Haven, Essex, taharuki yake ni kali. Inapowapeleka wahusika angani ili adui aonekane, inapwaya.

Zimwi Lililomo Ndani

Quatermass and the Pit ilianza kutangazwa tarehe 22 Desemba 1958. Wajenzi mjini London wanafukua mafuvu ya kale, kisha chombo cha ajabu. Kanali Breen anashikilia kwamba ni silaha ya Wajerumani iliyosalia tangu Vita vya Pili vya Dunia. Quatermass na Dkt. Roney wanagundua jambo zito zaidi: mamilioni ya miaka iliyopita, viumbe wa sayari ya Mirihi waliwachukua wahenga wa binadamu, wakawabadilisha na kuwarudisha duniani. Pamoja na akili waliwarithisha silika ya kumwua yeyote aliye tofauti na kundi. Silika hiyo inapoamshwa, wakazi wa London wanaanza kuwindana.

Mtazamaji wa wakati huo hakuhitaji ufafanuzi. Kati ya Agosti na Septemba 1958, makundi ya vijana weupe yalikuwa yamewashambulia wakazi weusi kutoka visiwa vya Karibi mtaani Notting Hill, katika jiji hilo hilo.

Mbinu ya Kneale ina uzito wa pekee kwa kuwa haimnusuru hata msemaji wa busara. Quatermass mwenyewe anatekwa na nusura amwue Roney, rafiki yake, kwa kuwa Roney hajaathirika, na kwa hiyo ni tofauti. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa methali hiyo inapinduliwa: zimwi hili linamjua binadamu kuliko anavyojijua, na ndilo litakalommaliza. Mwishoni Quatermass anaikabili kamera na kuionya hadhira kuhusu urithi huo, kana kwamba kila sebule ni sehemu ya jukwaa.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba pale Kneale alipotegemea kuonyesha, kazi yake imechakaa, na pale alipotegemea kudokeza, imedumu. Hata hivyo, ufundi wa kudokeza peke yake hauelezi kila kitu. Tamthilia hizi zinadumu pia kwa sababu kilichodokezwa hakijaondoka. Mhakiki anayezichukulia kuwa burudani tu ya zama zilizopita huwa ameuacha kando ushahidi wake mkuu: kwamba mtazamaji wa leo hulicheka dubwana, kisha akanyamaza umati unapoanza kumsaka jirani.