Uvimbe wa seli-uzazi wa ovari

Uvimbe wa seli-uzazi huanzia katika zile seli za ovari ambazo kwa kawaida hukomaa kuwa mayai, na kwa kuwa seli hizo zinaweza kujenga tishu za kila namna, ndani yake hukutwa wakati mwingine nywele, mafuta, hata meno. Uvimbe wa jinsi hiyo, uitwao teratoma komavu, hutokea mara nyingi na kwa kawaida si saratani. Aina zilizo saratani ndizo adimu, kwani hazifikii asilimia 5 ya saratani zote za ovari. Lakini wakati saratani nyingine za kiungo hicho huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, hizi huwapata hasa wenye umri wa miaka 10 hadi 30.

Dalili kuu ni tumbo kujaa upesi, pengine kwa wiki chache tu, pamoja na maumivu ambayo huwa makali ghafla ovari ikijisokota au uvimbe ukipasuka. Katika kata ya Matiri, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, Tanzania, kama penginepo, ni rahisi mwanafunzi mwenye tumbo hilo kudhaniwa kuwa mjamzito, na kipimo cha mkojo chaweza kuitia nguvu dhana hiyo, kwa sababu baadhi ya uvimbe huu hutoa hCG, homoni ileile itolewayo na kondo la nyuma. Kinachobainisha ukweli ni ultrasaundi, ambayo haifai kurukwa hata mkojo ukionyesha mimba.

Upasuaji kwa kawaida huondoa ovari yenye uvimbe peke yake, ili uwezo wa kuzaa ubaki, kisha wagonjwa wengi hupewa dawa za bleomisini, etoposaidi na sisplatini kwa mizunguko ya siku 21. Kabla ya sisplatini kuanza kutumika katika miaka ya 1970, baadhi ya aina hizi ziliua karibu kila mgonjwa; leo, ugonjwa ukigunduliwa mapema, zaidi ya 9 kati ya 10 hupona.

Hospitali za misheni za Litembo na Peramiho ziko mkoani Ruvuma kwenyewe, lakini Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, takribani kilomita 1,000 kutoka Mbinga, safari ambayo ni mzigo mzito kwa familia ya wakulima wa kahawa. Hata hivyo dozi ya dawa isikatizwe, wala msichana mwenye tumbo linalokua asihukumiwe kabla ya kupimwa.