"Nyinyi Mmezoea Malaria": Historia ya Sentensi Moja, kutoka Buteba hadi Tororo

Kama umewahi kupanga foleni kwenye kliniki ya kambi, labda umeshaisikia hii: "Aah, ni malaria tu, nyinyi mmezoea." Anayesema hana nia mbaya, pengine anataka tu kukutuliza. Lakini sentensi hiyo ni ya zamani kuliko kambi zote tulizopitia, na sehemu kubwa ya historia yake iko hapa hapa Afrika Mashariki. Sehemu nyingine iko kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, kati ya Busia na Tororo. Leo tujiulize pamoja: mtu anazoea malaria kweli? Na kama anazoea, ni nani anayelipa bei?

Tuanzie Buteba. Ni eneo la wilaya ya Busia upande wa Uganda, mpakani kabisa, jirani na Tororo. Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, kwa sababu mwaka 1902 Waingereza walilikata jimbo la mashariki la Uganda wakalitia upande ambao leo ni Kenya. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta wana serikali mbili. Mbu yeye hakuulizwa kibali.

Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, maelfu ya watu walivuka hapo Busia na Malaba wakikimbia vurugu. Wengi walitoka magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa. Waliwekwa kwanza Mulanda, wilaya ya Tororo, halafu mwaka huo huo waliobaki wakapelekwa Kiryandongo, ambako baadhi yetu tumekutana na watoto wao shuleni.

Sasa fikiria watoto wawili wa miaka minane. Mmoja amezaliwa Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu, kwenye baridi ambako mbu wa malaria ni wachache. Mwingine amezaliwa Buteba, chini, ambako mbu yupo mwaka mzima. Wote ni Waafrika. Wamelala nyumba moja, wameumwa na mbu wale wale usiku mmoja. Wiki mbili baadaye yule wa Eldoret anatetemeka na joto kali, anaweza hata kupoteza fahamu. Yule wa Buteba anacheza mpira, ingawa ukimpima utakuta vimelea kwenye damu yake. Kwa nini?

Jibu liko ndani ya damu. Mbu akishauma, vimelea vinakwenda kwanza kwenye ini, vinakaa humo karibu wiki moja bila wewe kujua. Halafu vinatoka na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu, vinazaana, vinazipasua, vinaingia nyingine. Homa unayosikia ni mwili wenyewe ukipiga kengele kila chembe zinapopasuka. Chembe nyeupe zinakuja kupigana, na bandama inafanya kazi ya kuchuja chembe zilizoharibika, ndiyo maana mtoto wa malaria nyingi unaweza kumshika tumboni ukakuta bandama imevimba.

Mwili pia unatengeneza kingamwili, yaani silaha ya kumtambua adui kwa sura yake. Shida ni kwamba kimelea cha malaria kali kina nguo nyingi. Kina jeni kama 60 za kubadilisha sura anayoiona mwili. Leo kinavaa hii, mwili ukiishaijua, kinavaa nyingine. Kwa hiyo kinga haiji kwa kuugua mara moja kama surua. Inakuja polepole, ugonjwa baada ya ugonjwa, mpaka mwili uwe umeziona nguo nyingi. Na hata hapo haikuzuii kuambukizwa. Inakuzuia tu kuugua sana.

Hili lilionekana zamani. Mwaka 1900 hivi, daktari Mjerumani Robert Koch alipima damu za watu wa vijijini New Guinea, mahali penye malaria mwaka mzima. Watoto wadogo walijaa vimelea. Watu wazima walikuwa nao wachache sana. Akaona kwamba kinga hii mtu hazaliwi nayo, anaipata kwa kuishi hapo.

Upande wetu somo lilikuja kwa uchungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1918 na 1919, wanaume wa Nandi waliokuwa vitani Tanganyika walirudi nyumbani kwenye milima ya magharibi ya Kenya wakiwa na vimelea ndani ya damu. Huko juu watu walikuwa hawajazoea malaria, na mlipuko ukatokea. Hawa pia walikuwa Waafrika, tena jirani kabisa na nyanda za malaria. Kumbe "mmezoea" haihusu rangi ya ngozi wala kabila. Inahusu mahali mwili wako ulipokulia.

Lakini wakubwa wa wakati ule waliendelea kusema "Mwafrika" kama neno moja. Ukitaka kuona jambo hilo wazi, nenda mwaka 1950, Kampala. Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa wataalamu wa malaria wa Afrika. Mabishano yalikuwa makali. Upande mmoja, wataalamu waliofanya kazi Kenya na Tanganyika, kama Garnham na Wilson, walionya: watu wa maeneo haya wameshapata kinga, mkiwaondolea mbu kwa dawa halafu siku moja dawa ikaisha, mtawarudisha kwenye ugonjwa wakiwa hawana ulinzi. Upande mwingine ukajibu: na watoto wanaokufa kila mwaka ili hiyo kinga ipatikane, hao tuwaache? Mwishoni mkutano ulipendekeza malaria ipigwe vita kila inapowezekana.

Mimi nikisoma mabishano yale naona kila upande ulishika nusu ya ukweli. Ni kweli kinga inapotea. Na ni kweli pia kwamba kinga hiyo hailetwi bure. Mtu mzima wa Buteba anayesema "mimi malaria hainisumbui" ni yule aliyebaki. Wenzake wa utotoni ambao hawakubaki hawapo foleni kutuambia.

Baada ya Kampala watu walijaribu kwa vitendo, tena kwenye mpaka mwingine, ule wa Kenya na Tanganyika. Ni mradi wa Pare na Taveta. Kati ya 1955 na 1959 nyumba zilipuliziwa dawa ya dildrini. Malaria ikashuka sana, vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kisha kupulizia kukasimama, na miaka iliyofuata mbu na malaria wakarudi taratibu. Mradi ulionyesha kwamba watoto wanaweza kuokolewa, na kwamba kazi hii ukiianza lazima ujue utaimalizaje.

Mwaka 1961 huko Gambia, watafiti Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wakawapa watoto wagonjwa wa malaria. Vimelea vikapungua. Baadaye wakajaribu kingamwili za watu wa Afrika Magharibi kwa watoto wa Afrika Mashariki, nazo zikafanya kazi. Yaani kile ambacho watu wazima wamejifunza kwa miaka mingi kinaweza kuwekwa kwenye chupa. Matumaini ya chanjo yalipata nguvu kutoka hapo.

Sasa turudi Tororo. Mwaka 2001 na 2002 watafiti walihesabu mbu katika sehemu kadhaa za Uganda. Eneo la Tororo lilipata wastani wa kuumwa na mbu wenye malaria mara 562 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya mara moja kila usiku. Linganisha na Kanungu, kule milimani, ambako ilikuwa mara 6 kwa mwaka mzima. Mkimbizi akihamishwa kutoka sehemu kama Kanungu kwenda sehemu kama Tororo, kwa mbu ni kama amehamia nchi nyingine, hata kama hajavuka mpaka wowote.

Watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani wakawafuata watoto wa Tororo kwa miaka, wakipima chembe za kinga za damu yao. Mwaka 2014 walitoa jambo lililowashangaza wengi. Kwa watoto walioumwa malaria mara nyingi sana, baadhi ya chembe zinazowahi kupambana na vimelea zilikuwa zimepungua, na zilizobaki zilikuwa zimepoa. Chembe nyingine zilikuwa zinatoa kemikali ya kushambulia pamoja na ya kutuliza vita. Kwa maneno mengine, sehemu ya "kuzoea" ni kupigana vizuri zaidi, na sehemu nyingine ni mwili kuamua kupunguza kelele ili vita visiuharibu wenyewe. Ndiyo maana yule mtoto wa Buteba anacheza mpira na vimelea damuni. Hana homa, lakini mbu akimuuma anaweza kubeba vimelea hivyo kumpelekea mtoto wa jirani.

Na kuna watu ambao mazoea hayawasaidii. Wa kwanza ni mama mwenye mimba ya kwanza. Vimelea vinashika kwenye kondo la nyuma kwa nguo ambayo mwili wake haujawahi kuiona, hata kama amezaliwa Busia na kukulia Busia. Wa pili ni mwenye virusi vya UKIMWI, kwa sababu virusi vinaua zile zile chembe zinazotunza kumbukumbu ya kinga. Utafiti wa Tororo uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watu wenye virusi walipokunywa kotrimoksazoli kila siku, malaria ilipungua kwa asilimia 72 na vifo karibu kwa nusu. Dawa ya bei ndogo tu! Wa tatu ni mgonjwa wa selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu anakingwa na malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu milimani. Lakini mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, bandama yake huharibika mapema, na malaria inaweza kumuua. Kwa hao watatu, neno "mmezoea" ni hatari kabisa.

Halafu likaja jambo ambalo wazee wa Kampala walilibishania. Kuanzia mwisho wa 2014, nyumba za Tororo zilianza kupuliziwa dawa ya mbu. Busia, pamoja na Buteba, haikuwekwa kwenye mpango ule. Kwa miaka kadhaa Tororo malaria ikashuka mpaka watu wakashangaa. Kisha karibu 2020, baada ya aina ya dawa kubadilishwa, malaria ikapanda tena hadi kukaribia hali ya zamani. Fikiria mtoto aliyezaliwa Tororo mwaka 2015. Amekua miaka mitano karibu bila malaria, jambo ambalo mama yake hakuwahi kulipata. Lakini malaria iliporudi, mwili wake ulikuwa mgeni kama wa mtoto wa Eldoret, na yeye hajahama hata hatua moja.

Mimi sioni hapo sababu ya kusema wasingepulizia. Mtoto asiyeugua miaka mitano ni faida kubwa. Ninachoona ni deni. Ukimwondolea mtu mbu, umemwondolea pia shule ya mwili wake, kwa hiyo huwezi kufunga mradi kwa sababu bajeti imeisha ukamwambia arudie mazoea. Hayapo tena.

Sasa sisi. Wengi wetu tumetoka milimani, Kivu ya juu, Burundi, tukawekwa kwenye nyanda za chini. Wengine tulikaa miaka mjini Nairobi ambako malaria ni kidogo, na kinga tuliyokuja nayo ikafifia, maana bila kukumbushwa mwili unasahau. Kwa hiyo vijana wenzangu, ukifika mahali papya jihesabu kama mtoto, hata kama una ndevu. Homa siku ya kwanza, nenda upimwe. Usimeze nusu ya dozi halafu ukamwekea ndugu yako iliyobaki. Neti ni ya kulalia, si ya kuvulia samaki wala kuzungushia kuku.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma ukurasa huu, tunawaheshimu sana. Mnapoandikisha mgeni mnamuuliza nchi na kabila. Ongezeni swali moja: umelala wapi miaka mitano iliyopita? Jibu lake litawaambia zaidi kuhusu damu yake kuliko uraia wake. Na mwenye mimba, mwenye virusi, mwenye sikoseli, asikae nyuma ya foleni akiambiwa ni malaria tu.

Wewe ulipofika mahali unapoishi sasa, malaria ilikuchukua baada ya muda gani? Na ulikotoka ilikuwaje? Andika hapa chini, tulinganishe.