Chakula na dawa wakati wa hedhi: mambo ya kuzingatia

Katika nchi za Maziwa Makuu, msichana anapovunja ungo mara nyingi huelezwa kwanza vyakula anavyopaswa kuacha, kabla ya yeyote kumwambia anavyopaswa kula. Kwa baadhi ya jamii za wafugaji huambiwa asinywe maziwa, ng'ombe wasije wakadhurika. Kwingineko hukatazwa ndimu, damu isije ikamwagika kwa wingi, au maji baridi, damu isije ikaganda tumboni. Makatazo hayo hayana ushahidi wa kitabibu. Hasara yake huonekana sahanini, pale chakula bora kinapopunguzwa wakati mwili unakihitaji.

Mwili hupoteza hasa madini ya chuma. Hedhi ya kawaida hutoa kiasi cha mililita 30 hadi 40 za damu, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula, ingawa kwa macho huonekana nyingi zaidi. Kila mililita mbili za damu hubeba takriban miligramu moja ya chuma, hivyo miligramu 15 hadi 20 huondoka kila mwezi. Utumbo nao hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka katika mlo, na sehemu ya hizo hufidia upotevu wa kawaida wa kila siku. Kwa hiyo siku tano za kula vizuri hazitoshi. Mlo unaofaa ni wa mwezi mzima. Damu ikizidi mililita 80, hesabu hiyo huharibika kabisa na upungufu wa damu huanza kunyemelea.

Chuma kilichomo katika maini, nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko kile cha mimea. Dagaa, au ndagala kama wanavyoitwa Burundi, husaidia sana na si ghali kama nyama. Kwa familia zinazotegemea maharage, lengalenga na sombe, kitu kidogo chenye vitamini C huleta tofauti kubwa: chungwa, pera, nyanya mbichi, au ndimu ile ile inayokatazwa, ikikamuliwa juu ya mboga. Chai hufanya kinyume chake. Kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa kinachonywewa pamoja na mlo huweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma cha mimea kisifyonzwe. Inafaa kinywewe saa moja au mbili baadaye. Udongo wa kula unaouzwa masokoni nao huzuia chuma, na hamu kubwa ya kuula mara nyingi ni dalili kwamba damu tayari imepungua.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mahali ambapo asilimia 40 au zaidi ya wanawake wa umri wa kupata hedhi wana upungufu wa damu, wapewe miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo kila mwaka. Vidonge hivyo vya kuongeza damu huweza kuleta choo cheusi na kigumu, jambo lisilopaswa kumtisha mtumiaji. Visimezwe kwa chai wala kwa maziwa. Mwenye selimundu asivitumie kabla ya kupimwa.

Kuhusu maumivu, ambayo wengi huyaita chango, chanzo chake mara nyingi ni kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazokaza misuli ya mfuko wa uzazi. Ibuprofeni na asidi ya mefenamiki huzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Ndiyo maana kidonge kinachomezwa maumivu yanapoanza hufanya kazi vizuri kuliko kile kinachosubiri hadi msichana ashindwe kusimama, na kumwambia avumilie kwanza ni ushauri mbaya. Kwa mtu mzima, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 humezwa baada ya kula, mara tatu kwa siku, bila kupita miligramu 1,200 pasipo ushauri wa daktari. Isichanganywe na diklofenaki. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, na anayedhani huenda ana mimba, amwone mhudumu wa afya kwanza. Damu ya mimba inayotishia kutoka huweza kudhaniwa kuwa hedhi.

Parasetamoli haiumizi tumbo, lakini haipaswi kuzidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, na ikumbukwe kwamba imo pia katika dawa nyingi za mafua. Aspirini haifai kwa hedhi nzito, kwa kuwa hupunguza uwezo wa damu kuganda. Viuavijasumu, ambavyo baadhi ya maduka huviuza kwa ajili ya chango, havitulizi maumivu ya hedhi.

Dawa za kila siku haziachwi kwa sababu ya hedhi: za shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI zote huendelea. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye asiiache mwenyewe. Damu ikizidi, amjulishe daktari wake.

Suala jingine huibuka kila mwaka kabla ya Ramadhani na Hija, pale baadhi ya wanawake wanapotaka kuahirisha hedhi. Dawa inayotumika mara nyingi ni noretisteroni, ambayo huanza kumezwa siku tatu kabla ya tarehe inayotarajiwa. Hupatikana kwa cheti cha daktari, na kwa sababu nzuri: haimfai aliyewahi kupata damu iliyoganda mishipani au mwenye ugonjwa wa ini, na kwa matumizi hayo haizuii mimba. Mwanamke aliye katika hedhi hafungi, hivyo hakuna kinachomzuia kumeza dawa ya maumivu mchana.

Kituo cha afya kisicheleweshwe ikiwa pedi hujaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, mabonge ya damu ni makubwa, hedhi hupita siku saba, au kuna kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Hali kadhalika kwa maumivu yasiyosikia dawa au yanayozidi mwezi hadi mwezi. Tarehe za hedhi tatu za mwisho, idadi ya pedi zilizotumika kwa siku na majina ya dawa zote zilizomezwa, vikiandikwa kwenye karatasi, humrahisishia daktari kazi.